Leseni ya Programu ya Simu Isiyomsumbua Aliyelipa

Programu yako imeanza kununuliwa. Mwezi haujaisha, unaikuta APK yake kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake mtu ameandika kwamba hii haidai malipo. Usitaharuki. Usikimbilie pia kununua mfumo wa ulinzi wa bei kubwa. Panga leseni yako vizuri na utaziba sehemu kubwa ya uvujaji ukiwa na seva moja ndogo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao: programu ya Android ya kutunza daftari la duka. Mwenye duka anaingiza mauzo, bidhaa zilizobaki na madeni ya wateja. Analipa kwa mwezi au kwa mwaka kupitia M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Simu yake ni ya bei ya kawaida, na kuna siku anashinda bila bando. Leseni ikimfaa huyu, itawafaa na wengine.

Jua unamzuia nani

APK ni faili la muundo wa zip. Mtu yeyote anaweza kulitoa kwenye simu yake na kumrushia mwenzake kwa Xender au Bluetooth. Mwenye ujuzi kidogo analifungua kwa apktool, anasoma msimbo wako kwa jadx, anabadilisha mstari mmoja, kisha analifunga upya na kulisaini kwa ufunguo wake. Hakuna utakachoweka ndani ya simu kikamzuia mtu huyo milele. Simu ni yake na muda anao.

Kwa hiyo watenge. Yupo anayempa rafiki nakala bila nia mbaya. Yupo mwenye kibanda anayewawekea watu programu kwa elfu mbili. Halafu yupo mdukuzi anayefanya kwa sifa. Jenga leseni ya kuwazuia wawili wa mwanzo. Huyo wa tatu usishindane naye ndani ya simu. Kitu cha maana kiweke kwenye seva, asikikute kabisa.

Somo hili Android ililipata mapema. Julai 2010 Google ilitoa huduma ya leseni kwa programu za kulipia, pamoja na maktaba ya kukagua leseni, LVL. Agosti ya mwaka huohuo ikaonyeshwa hadharani namna ya kuipita. Seva ya Google haikuguswa. Ila watengenezaji wengi walikuwa wameinakili maktaba ya mfano kama ilivyo, na mwisho wa ukaguzi wote kulikuwa na swali moja la ndiyo au hapana. Mdukuzi alibadilisha jibu, basi. Google yenyewe ikawashauri watu wavuruge msimbo wao na waibadilishe maktaba hiyo kabla ya kuitumia.

Sasa angalia programu yako. Ni kitu gani ndani yake ambacho lazima kipite kwenye seva? Kwenye daftari la duka ni hifadhi ya akiba ya kumbukumbu, kuunganisha simu ya mwenye duka na ya muuzaji wake, na ripoti ya mwezi inayotumwa kwa barua pepe. Vifanye hivyo ndivyo vya kulipia. Mwenye nakala ya wizi atapata ukurasa wa kuandika mauzo, na ataishia hapo. Hii ni kinga imara kuliko nyingine yoyote nitakayokutajia, na inafaa uipange kabla hujaandika mstari wa kwanza wa ukaguzi.

Leseni yenyewe

Leseni nzuri ni maandishi mafupi yaliyosainiwa. Seva inaandika amelipia nini, kwa namba gani ya leseni, kwenye kifaa gani, mpaka lini. Kisha inasaini kwa ufunguo binafsi ambao hautoki kwenye seva. Programu inabeba ufunguo wa umma tu, na kazi yake ni kukagua saini. Atakayeifungua APK yako atauona ufunguo huo wa umma, lakini hataweza kuutumia kutengeneza leseni hata moja.

Usifanye kinyume. Wapo wanaoficha neno moja la siri ndani ya programu, halafu wanakokotoa namba ya leseni kutoka kwenye namba ya simu ya mteja. Siku neno hilo likionekana, mtu ataandika kikokotoo cha leseni na kukisambaza. Hapo itakubidi ubadilishe leseni za wateja wako wote, wengi wao wakiwa hawana kosa lolote.

Tumia ECDSA kwenye mkunjo wa P-256, pamoja na SHA-256. Android inaielewa tangu matoleo ya zamani bila kuongezewa maktaba. Ed25519 nayo ni nzuri, ila kwenye simu za zamani utalazimika kubeba maktaba ya ziada.

Maandishi ya leseni yawe mafupi kiasi hiki:

L1.DUKA.00482913.K7Q2M9XA.20270630.3

L1 ni toleo la muundo wa leseni. Inafuata bidhaa, namba ya leseni, alama ya kifaa, tarehe ya mwisho, na namba ya ufunguo uliosaini. Hizo ni herufi 36. Saini ya P-256 ina baiti 64, na ukiiandika kwa base64 ya URL bila alama za kujazia mwishoni inakuwa herufi 86. Weka nukta moja katikati, jumla 123. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Leseni nzima imeenea kwenye ujumbe mmoja, na nafasi imebaki.

Hapo ndipo mteja asiye na bando anapookoka. Programu inamwonyesha alama ya kifaa chake, na kitufe kinachofungua ujumbe ulioandikwa tayari. Anautuma kwenye namba yako. Seva inajibu kwa SMS yenye leseni. Anainakili, anaibandika, anaendelea kuuza.

Kuna mambo madogo ya kuangalia hapa. Java hutoa saini kwa muundo wa DER, ambao ni mrefu kidogo, kwa hiyo ibadilishe iwe baiti 64 ghafi kabla ya kuituma. Usitenganishe sehemu za leseni kwa mstari wima, kwa sababu kwenye SMS alama hiyo inahesabiwa mbili. Kwenye alama ya kifaa acha kutumia sifuri na herufi O, moja na herufi I. Mteja atakuja kukusomea alama hiyo kwenye simu huku lori linapiga honi nje.

Usiombe ruhusa ya kusoma SMS za mteja. Google Play imeibana sana ruhusa hiyo, na mteja ana haki ya kuiogopa. Kitufe cha “Bandika leseni” kinatosha.

Alama ya kifaa

Usitegemee IMEI. Tangu Android 10, programu za kawaida haziruhusiwi kuisoma. Anwani ya MAC ya Wi-Fi ilishafichwa tangu Android 6.0. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokufundisha kutumia hizo mbili, yapite.

Tumia ANDROID_ID. Ipitishe kwenye SHA-256 pamoja na jina la bidhaa yako, andika tokeo lake kwa zile herufi na tarakimu zisizochanganya, kisha chukua nane za mwanzo. Mteja akiondoa programu na kuisakinisha tena, alama inabaki ileile. Simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, au fundi akiiflashi, alama inabadilika. Lizoee hilo na ulipangie njia, kwa sababu litatokea kila wiki.

Mtego mkubwa uko kwenye ufunguo wa kusaini APK. Tangu Android 8.0, ANDROID_ID inatolewa kwa kila ufunguo wa kusaini. Kama toleo la Play Store linasainiwa kwa ufunguo unaoshikwa na Google, na APK unayoigawa kwenye tovuti yako inasainiwa kwa ufunguo mwingine, simu ileile itaonekana kama simu mbili. Mteja atashindwa hata kusasisha kutoka moja kwenda nyingine. Amua mapema kwamba matoleo yote yatasainiwa kwa ufunguo mmoja. Google Play inakuruhusu kuipelekea ufunguo wako mwenyewe unapoanza.

Leseni ni ya mtu. Kifaa ni nafasi tu anayoikalia. Mpe kila mteja nafasi mbili, ya kwake na ya muuzaji wake, na umwache aziachie mwenyewe bila kukupigia simu. Weka kikomo, mfano kuhamisha mara mbili kwa mwezi, ili leseni moja isizunguke mtaa mzima. Simu ikiibwa, aingie kwa namba yake ya simu, athibitishe kwa namba ya siri ya mara moja, aondoe kifaa cha zamani na kuendelea na kipya. Hilo likichukua zaidi ya dakika tano, rudi ukalirekebishe.

Usiifunge leseni kwenye laini. Watu wana laini mbili tatu, wanabadilisha mtandao, na namba iliyoachwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine.

Kwa iPhone mambo ni mepesi kidogo, maana Apple husimba programu za App Store kwa FairPlay na usakinishaji wa kupitia pembeni ni mgumu. Angalia tu kwamba identifierForVendor hubadilika mteja akiondoa programu zako zote na kusakinisha upya. Malipo yasome kwa StoreKit 2, ambayo tangu iOS 15 inakupa miamala iliyosainiwa, unaikagua kwenye seva yako.

Saa ya simu na siku za subira

Mteja wa mwezi mmoja atajaribu kurudisha saa nyuma. Wengine hawatajaribu, lakini saa itarudi yenyewe: kuna simu ambazo betri ikiisha kabisa zinawaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Programu yako haiwezi kuwatofautisha hawa wawili. Basi usimtuhumu yeyote.

Fanya hivi. Kila programu inapofunguliwa, hifadhi muda wa mbele kabisa uliowahi kuuona. Kila inapozungumza na seva, chukua muda wa seva uwe ndio mzani. Katikati ya hapo tumia elapsedRealtime, inayohesabu tangu simu iwashwe na ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha kwenye mipangilio. Kumbuka inaanza sifuri kila simu inapozimwa na kuwashwa.

Ukiona saa imerudi nyuma zaidi ya siku moja, usifunge kitu. Mwambie mteja arekebishe tarehe au awashe data kidogo. Mpe siku tatu. Asipofanya chochote ndipo uzime zile huduma za kulipia.

Leseni ikifika mwisho, weka siku za subira. Kwa malipo ya mwezi mimi naweka siku 7, kwa ya mwaka siku 14. Mtu aliyesafiri kijijini kwa msiba hapaswi kurudi akute duka lake limefungwa na programu. Hasara ya siku hizo ni ndogo, na mteja uliyemvumilia hulipa tena.

Kuuliza seva kila programu inapofunguliwa ni kosa. Ulizia mara moja kwa siku mtandao ukiwepo, kimyakimya. Usipokuwepo, leseni iliyosainiwa inajitosheleza mpaka tarehe yake.

Malipo

Hapa ndipo wizi mwingi unapopita, wala hauhitaji ujuzi wa kudukua. Mtu anakutumia picha ya ujumbe wa malipo, wewe unampa leseni. Ujumbe wa malipo unaghushiwa kirahisi mno. Usitoe leseni kwa picha wala kwa SMS iliyosambazwa. Toa kwa muamala ulioonekana kwenye akaunti yako ya biashara.

Ukitumia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, na STK Push yake, yaani ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja, majibu ya malipo hutumwa kwenye anwani ya seva yako. Majibu hayo hayana saini. Atakayeijua anwani hiyo anaweza kutuma majibu ya uongo yanayosema amelipa. Kwa hiyo yachukulie kama fununu. Yakifika, iulize Safaricom hali ya muamala huo kwa CheckoutRequestID yake, kisha linganisha kiasi na namba ya risiti na muamala unaouona kwenye akaunti yako ya biashara. Vikilingana, toa leseni.

Majibu mengine yatafika mara mbili. Mengine hayatafika kabisa. Weka sharti kwenye hifadhidata kwamba namba moja ya risiti inazaa leseni moja tu. Weka pia kazi inayopita kila dakika chache ikiulizia malipo yaliyokwama. Mteja aliyekatwa pesa asipate leseni atakutangaza soko zima kabla hujaamka.

Tenganisha anayelipa na anayetumia. Baba ana duka Morogoro, mtoto wake analipa kutoka Dar es Salaam. Ukiifunga leseni kwenye namba iliyolipa, umempa mtu asiyeuza. Uliza namba ya mtumiaji kwanza, ionyeshe tena kwa maandishi makubwa, ndipo uombe malipo.

Ukiuza kupitia Play Store, soma masharti ya malipo kabla ya kuweka kitufe cha M-Pesa ndani ya programu. Kwa kawaida bidhaa za kidijitali zinatakiwa zilipiwe kwa mfumo wa Google wenyewe, na programu inayokiuka huondolewa. Masharti hutofautiana kwa nchi na hubadilika, hivyo angalia yaliyopo siku unayopakia. Ukiutumia mfumo wao, thibitisha ununuzi kwenye seva yako na ukiri kuupokea ndani ya siku 3. Usipofanya hivyo, Google inamrudishia mteja pesa zake.

Kuifanya kazi ya mwizi iwe ndefu

Washa R8. Inapunguza programu na kuvuruga majina ya msimbo kwa wakati mmoja. Haimzuii mdukuzi, lakini inamchosha. Hifadhi faili la mapping la kila toleo, la sivyo ripoti za hitilafu zitakuja kwa majina yasiyosomeka hata na wewe.

Ukaguzi wa leseni usikae sehemu moja. Weka mmoja unapofungua programu, mwingine unapotengeneza ripoti, mwingine unapotuma kumbukumbu kwenye seva. Kila mmoja usome leseni upya na kukagua saini. Usiwe na kazi moja inayoitwa “amelipa” inayorudisha ndiyo au hapana, ambayo msimbo wote unaitegemea. Hiyo ndiyo ya kwanza mdukuzi atakayoitafuta.

Kama unauza maudhui, mfano masomo ya kidato cha nne, kamusi au sauti, usimbe faili zenyewe kwa AES. Ufunguo wa kuzifungulia utoke kwenye seva baada ya malipo. Simu itengeneze jozi ya funguo ndani ya Android Keystore, ikupelekee ule wa umma, na seva iusimbe ufunguo wa maudhui kwa huo. Ule binafsi hautoki Keystore, na kwenye simu nyingi za sasa unatunzwa na maunzi yenyewe. Hapo kunakili faili kutoka simu moja kwenda nyingine hakumpi mtu kitu.

Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, inaweza kukuambia kama programu ni ileile uliyoitoa Play Store na kama simu iko salama. Itumie kwa adabu. Jibu lake lisomwe kwenye seva, kamwe sio ndani ya simu. Usiliombe kila dakika. Kiwango cha kuanzia ni maombi 10,000 kwa siku kwa programu nzima. Liombe kwenye jambo zito tu, kama kuwasha leseni au kuhamisha kifaa.

Halafu soma matokeo kwa utulivu. Aliyepata APK kwenye tovuti yako ataonekana hana leseni ya Play hata kama amekulipa wewe jana. Simu za Huawei zilizotoka tangu 2019 bila huduma za Google hazitajibu ipasavyo. Mwenye simu iliyofanyiwa ruti anaweza kuwa mteja mwaminifu kuliko wote. Matokeo mabaya yawe sababu ya kuangalia zaidi: je, leseni hii imewashwa kwenye vifaa kumi jana? Peke yake yasimfungie mtu mlango.

Mtego wa hifadhi ya akiba

Huu unawakamata wengi, kwa hiyo nauelezea taratibu.

Tangu Android 6.0, simu hupeleka data za programu kwenye Google Drive yenyewe, mpaka MB 25 kwa kila programu. Mteja akinunua simu mpya, data zinashuka huko. Faili lako la leseni limo. Lakini kama umelisimba kwa ufunguo wa Keystore, ufunguo huo hausafiri. Programu inaamka kwenye simu mpya, inakuta faili la leseni lililosimbwa, inatafuta ufunguo, haupo, inaanguka. Mteja anaifungua tena, inaanguka tena. Amelipa mwaka mzima na hawezi kuona hata ukurasa wa kwanza.

Lifanyie mambo mawili. Toa faili la leseni kwenye hifadhi hiyo ukitumia fullBackupContent, na dataExtractionRules kwa Android 12 kwenda juu. Kisha andika msimbo unaosema: faili likishindwa kufunguka, lifute, omba leseni upya kwenye seva, na wakati huo mwache mteja aendelee. Jaribu hili kwa mkono kabla ya kutoa toleo lolote.

Data ya mteja ni yake

Leseni ikiisha, zima huduma za kulipia. Usizime daftari. Mwenye duka aendelee kusoma mauzo yake na madeni anayodai, na kitufe cha kutoa kila kitu kwa CSV kibaki wazi. Orodha ya wadeni ndiyo mtaji wake. Ukimshikia hiyo ili alipe, umemteka, na hakuna upungufu wa mapato unaohalalisha jambo hilo.

Ujumbe wa kosa uandike kwa lugha anayoijua, umwambie la kufanya. “Hitilafu 0x31 ya uthibitishaji” haina msaada. Andika hivi: “Leseni yako imeisha tarehe 30 Juni. Daftari lako lipo salama. Lipia hapa, au tuma SMS kwenda namba hii.” Weka na namba ya leseni chini kwa maandishi madogo, ili akikupigia aweze kukusomea.

Chukua taarifa chache. Namba ya simu, alama ya kifaa, tarehe za malipo. Mahali alipo, majina yaliyomo kwenye simu yake na orodha ya programu nyingine alizonazo havikuhusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinakugusa ukitunza namba za watu. Soma sehemu ya usajili.

Usiende mbali ukaanza kuchezea simu ya mtu. Mwaka 2005 Sony BMG iliweka kwenye CD zake za muziki programu ya kuzuia kunakili iliyojificha ndani ya Windows. Ilifungua mwanya ambao virusi viliutumia, CD zikarudishwa kutoka madukani, na kampuni ikaishia mahakamani. Waliodhurika ni wale walionunua CD halali.

Jaribu kabla hujatoa

Chukua simu ya bei nafuu yenye Android ya zamani kiasi, sio ile yako nzuri. Zima data, washa leseni kwa SMS. Rudisha saa mwaka mmoja nyuma. Isogeze mwezi mmoja mbele, kisha irudishe. Ondoa programu na kuisakinisha tena. Irudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Lipa, kisha zima seva yako kabla majibu ya malipo hayajafika, uiwashe baada ya saa moja. Rusha APK kwenye simu nyingine kwa Bluetooth uone inasema nini.

Kisha mpe simu hiyo mwenye duka halisi, umwombe awashe leseni huku wewe ukinyamaza. Andika kila anaposita. Sehemu anaposita mara mbili ibadilishe, hata kama kwako ilionekana wazi.

Ufunguo, na siku ya kufunga

Ufunguo binafsi wa kusaini leseni usikae kwenye kompyuta yako ya mkononi wala kwenye GitHub. Uweke kwenye huduma ya kutunza funguo ya mtoa seva wako, na nakala iliyosimbwa kwenye sehemu mbili zisizounganishwa na intaneti. Ndani ya programu weka funguo mbili za umma tangu siku ya kwanza. Mmoja unatumika, wa pili unasubiri. Ufunguo binafsi wa kwanza ukivuja, seva inahamia wa pili, na ile namba ya mwisho kwenye maandishi ya leseni ndiyo inayoiambia programu ikague kwa upi. Leseni za zamani unazitoa upya mteja anapounganisha, naye hata hajui.

Panga pia siku utakayoacha biashara hii. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu walivyokuwa wamenunua watu vikaacha kufunguka. Iliweza kuwarudishia wateja pesa. Wewe huenda usiweze. Kwa hiyo tengeneza mapema toleo moja la programu lisilouliza leseni, linalofungua daftari lote na kutoa CSV, na ulisasishe kila unapotoa toleo jipya la kawaida. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini lilipo, mpe ruhusa ya kulipakia Play Store, na muandikiane kwamba seva ikizimwa siku 60 mfululizo bila maelezo yako, alitoe.